Mvua ya Vijiti

Kilichoninyima usingizi wiki ile hakikuwa sala yenyewe. Sala nilikuwa nimekwisha kuiandika, nikaifuta, nikaiandika upya. Kilichoninyima usingizi ni swali: nikisimama mbele ya kanisa Jumapili ya mavuno nikaisoma mimi, nitakuwa nimemsaidia mama, au nitakuwa nimemnyamazisha kabisa?

Najua kuna watu wanaoweza kulala na swali kama hilo kitanda kimoja. Mimi siwezi. Nina shahada ya fasihi, sina kazi ya kudumu, na nina tabia ya kulichambua jambo mpaka linakosa mahali pa kushikwa. Nikialikwa chai, ninafikiria kama nimealikwa kwa mapenzi au kwa kuonewa huruma, na nikishaamua kwamba ni kwa mapenzi, ninaanza kufikiria kwa nini imenichukua muda mrefu kuamua. Mama husema kichwa changu ni jiko ambalo halizimwi hata chakula kikiiva.

Mama ndiye aliyekuwa akitoa sala ya shukrani kanisani kwetu Donholm kila Jumapili ya mavuno, tangu mimi sijaweza kufunga kamba za viatu. Mtu asiyetujua anaweza kucheka akisikia tunaadhimisha mavuno. Wengi wetu tumetoka magharibi, na mashamba yamebaki huko na wazazi na ndugu. Baba yangu alipostaafu ukarani alirudi kulima, mama akabaki huku nami. Hapa Nairobi tunaishi ghorofani. Lakini siku hiyo inapofika, mbele ya kanisa hujaa. Kuna sukuma wiki iliyooteshwa kwenye gunia la udongo pembeni mwa ngazi. Kuna mahindi yaliyotumwa kwa basi kutoka nyumbani. Kuna mikungu ya ndizi iliyonunuliwa sokoni asubuhi ile ile, ambayo aliyeinunua huibeba kwa unyenyekevu kana kwamba ameipalilia. Kuna jogoo aliyefungwa miguu, ambaye kila mwaka huwika katikati ya mahubiri na watoto wakamuunga mkono. Mwisho vitu vyote hupigwa mnada kwa kelele na utani. Ila kabla ya mnada mama alikuwa anasimama mbele, anafumba macho, na anaanza kumwita Mungu kwa kazi zake.

"Ewe uliyemtundika mwewe hewani bila msumari," alikuwa akisema. "Ewe uliyeifundisha sukuma uvumilivu, tuliichuma jana, tunaichuma leo, kesho tutairudia, nayo haijawahi kutufungia mlango. Ewe unayeijua njia ya maji kabla maji hayajatoka mawinguni."

Hakuna aliyemwandikia. Alifanya kazi kiwanda cha biskuti miaka mingi, akipakia, na huko hakuna mtu anayeulizwa habari za mwewe. Lakini mimi nilijua maneno yake yalikotoka, kwa sababu neno moja nililiona likizaliwa.

Kabla hatujahamia Komarock tuliishi Huruma, ghorofa ya juu kabisa, na nguo tulizianika juu ya paa la zege. Ukisimama pale ulikuwa unaona mabati ya Mathare yote hapo chini, moshi ukipanda kutoka sehemu mia, na juu ya moshi mwewe wakizunguka. Mwewe wa Huruma ni wezi. Mmoja aliwahi kunipokonya mandazi mkononi nikitoka dukani, nikabaki nimeshika gazeti lililofungiwa mandazi. Nilikuwa nawachukia. Siku moja mama, akiwa na shuka lenye maji mikononi, aliniambia nitazame juu. Mwewe alikuwa amesimama hewani hapo karibu, hapigi bawa, mkia tu ukigeuka kidogo kidogo kama vidole vya mtu anayetafuta stesheni kwenye redio.

"Anashikiliwa na nini?" mama aliuliza.

Nilisema upepo.

"Na upepo unashikiliwa na nini?"

Niliendelea kutazama juu. Tulisimama tu. Maji ya shuka yalikuwa yakinidondokea miguuni, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba nina miguu. Yule mwizi alikaa pale pale hewani, kichwa kimeinama kututazama. Nikahisi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwamba anga haikuwa tupu. Kulikuwa na kitu kimejaa kule juu na tulikuwa tunaishi chini yake na ndoo zetu na kamba zetu za nguo.

Mwaka ule, Jumapili ya mavuno, nilimsikia mama akisema lile la msumari. Nilikuwa nimekaa kati ya watoto wengine, ndani ya ukumbi ambao madirisha yake yako juu sana na yana vumbi. Nikaona watu wazima, wanaume waliofanya kazi reli, wanawake wa sokoni, wakiinua nyuso zao kutazama dari. Kwenye dari hapakuwa na kitu. Lakini walitazama, nami nilitazama, na mwewe alikuwepo.

Chuoni nilifundishwa majina ya alichokuwa akifanya mama: tashihisi, takriri, sitiari. Majina hayo yalinisaidia kwenye mtihani. Hayakunieleza kwa nini watu walitazama dari.

Mwaka uliopita mama alifanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni. Uvimbe ulitoka, na sauti ikaenda nao. Daktari alisema huenda ikarudi kidogo, huenda isirudi. Kilichobaki ni mnong'ono, kama mtu anayepepeta mchele kwenye ungo chumba cha pili. Nyumbani tuliuzoea haraka. Kanisani ilikuwa kazi. Kanisa letu lina spika mbili ndefu kuliko mimi, nazo hufunguliwa hadi mwisho, kwa kuwa upande mmoja tumepakana na kanisa lingine lenye gitaa na upande wa pili kuna baa inayofungua mapema. Siku ambayo mama alijaribu kuongoza ombi fupi kwa maiki, mnong'ono wake ulipita kwenye mitambo ile ukatoka kama gurudumu linaloishiwa na upepo. Watoto walicheka. Hawakuwa watoto wabaya. Katika umri wao hata mimi ningecheka. Mama alimaliza sentensi yake, akairudisha maiki kwenye kishikio taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe cha wenyewe, akaenda kuketi.

Wiki chache kabla ya mavuno mchungaji alikuja nyumbani. Ni mtu mwema, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu.

"Mama, umetumika vya kutosha," alisema, chai ikiwa mkononi. "Na Mungu si mchoyo, amekupa msomi humu humu ndani. Mwaka huu kijana atuandikie na atusomee. Wewe utakaa pale mbele kwa heshima yako."

Mama alitabasamu. "Sawa," alinong'ona.

Mchungaji alipoondoka, mama aliingia jikoni akaosha vikombe. Vikombe viwili kati ya vile havikuwa vimetumika.

Ndipo nikaanza kuandika. Na kitu cha kwanza nilichoandika kilikuwa bahari, ingawa bahari sijawahi kuiona. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu katika kila nilichosoma, mtu akitaka kuonyesha ukuu hupelekwa ufukoni. Niliandika mistari kadhaa, nikaisoma, nikaona aibu. Nikafuta, nikaandika juu ya mtaa wetu: vumbi la Julai, mtaro nyuma ya maduka, miti midogo iliyozungushiwa seng'enge. Nikaisoma hiyo nayo. Ilisikika kama malalamiko kwa chifu. Nikairudisha bahari. Nikajiuliza ni haki gani niliyonayo ya kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho sijakanyaga. Nikajiuliza kama Mungu hujali. Nikajiuliza kama namwamini kiasi cha kujiuliza hivyo. Ikafika Alhamisi.

Asubuhi hiyo kulinyesha mvua fupi, jua likatoka. Mama alikuwa akimenya viazi. "Soma," alinong'ona.

Nilisoma. Nilipofika kwenye bahari nilipunguza sauti: "Ewe ambaye mbele yako mawimbi hupiga magoti, huinuka, hupiga magoti tena, wala hayajachoka tangu siku ya kwanza."

Mama aliacha kumenya. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hivyo ndivyo bahari hufanya?"

"Nadhani. Sijaiona, mama. Ndiyo maana nataka kuitoa. Ni kama uongo."

Alicheka kwa mabega, kwa kuwa kicheko chake nacho kilienda na sauti. "Baba," alisema, maana huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la baba yake, "maisha yangu yote naimba nyimbo zenye theluji. Theluji nimeiona wapi? Kwenye friji ya mchungaji."

"Lakini wewe—"

"Usiitoe. Nimeiona sasa hivi. Imepiga magoti hapo karibu na jiko."

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilihisi vibaya zaidi, na ilinibidi nikae kidogo nijue sababu. Nilikuwa nimetumaini, bila kujikubalia, kwamba ataikataa. Angeikataa, ningemwambia mchungaji kwamba siwezi, na nafasi ya mama ingebaki wazi. Sasa mistari ilikuwa mizuri, na uzuri wake ndio ungemfungia mlango.

"Basi isome wewe," nilisema.

Alirudi kwenye viazi. Alimenya kimoja kizima kabla hajajibu.

"Wanicheke tena?"

Kabla sijamjibu, mlango ulipigwa ngumi. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa kwetu magharibi, hajawahi kubisha kwa kidole akiwa na mkono mzima.

"Mmekaa humu ndani kama mayai!" alisema kabla hajaingia vizuri. "Asubuhi imenyesha, sasa jua limetoka, na kile kichuguu cha kule nyuma kimefungua madirisha. Lete karai, dada. Na huyu profesa wako abebe blanketi."

Mama alifuta mikono. Nilimwona usoni kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu hospitali.

Nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba za mtaa wetu, kuelekea Kangundo Road, kuna viwanja ambavyo havijajengwa. Kimoja kimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba hakiuzwi, na katikati yake kuna kichuguu kinachonifikia kiunoni. Wanawake wengine wawili wa kwetu walikuwa wamekwisha fika. Walichomeka fito kukizunguka kile kichuguu, wakafunika kwa blanketi na leso ili kuwe giza, wakaacha tundu moja tu la mwanga upande wa chini, na karai likafukiwa hapo. Kumbikumbi akitoka ardhini hufuata mwanga. Ila hatoki mpaka asikie mvua. Watu wa kwetu hawangoji mvua imkumbuke. Wanaweka ubao chini, wanachukua vijiti, na wanainyesha wenyewe.

Nilikuwa nimesikia habari hizo tangu utotoni lakini sikuwa nimeziona kwa macho. Na huwa kuna wimbo. Mama, alipokuwa msichana, ndiye aliyekuwa akiuimba katika kijiji chao. Kwa Kiswahili ungekuwa hivi: tokeni, mabinti wa udongo, mbingu imewafulia nguo. Siku ile ilibidi jirani aimbe. Sauti yake ni nzuri kwa kufukuza tumbili kwenye mahindi.

Vijana wawili wa bodaboda walisimamisha pikipiki kwenye kijia.

"Niaje, mamaa! Hapa ni kesha ama ni mkutano?"

"Ni arusi," jirani alijibu bila kuacha kupiga ubao. "Na hukualikwa."

"Bibi arusi ni gani sasa?"

"Ako chini. Bado anavaa."

"Hawa watu wa magharibi, wamemaliza kuku sasa wameingilia wadudu!"

"Wewe ukipikiwa utaramba sahani mpaka maua yake yatoke."

Walicheka, wakashuka, wakakaa kwenye nyasi kutazama. Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na ubao, na kichwa changu, kama kawaida, hakikuwa kimepumzika.

"Lakini hii si ni kuwadanganya?" niliuliza.

"Kumdanganya nani?" jirani alisema.

"Hawa wa chini. Mvua hakuna."

Jirani alisimamisha kijiti hewani. "Kijana, asubuhi ilinyesha ama haikunyesha?"

"Ilinyesha."

"Na lile wingu la kule Kayole limebeba nini, magodoro? Hapa hatudanganyi mtu. Tunawakumbusha tu. Shika kijiti."

Nilishika. Nilipiga. "Hiyo si mvua," mmoja wa wale wanawake alisema, "hiyo ni polisi mlangoni." Mama alipiga magoti kando yangu, akanishika kifundo cha mkono, akakitikisa kilegee. "Mvua haina haraka ya kumaliza," alininong'oneza. Kisha akachukua vijiti vyangu.

Sitaweza kueleza vizuri alichofanya. Hakukuwa na mdundo wa kuchezeka. Kulikuwa na tone hapa, tone pale, kimya, halafu matone matatu yaliyokimbizana, halafu mengi, mepesi, yakisogea kutoka ukingo mmoja wa ubao hadi mwingine kama wingu linalopita. Jirani aliacha kuimba. Wale wengine waliacha vijiti vyao. Jua lilikuwa kali shingoni mwangu, na mimi, mtu mzima mwenye shahada, niliinua kola ya shati ili nisilowe.

Nilipogundua nilichofanya, mwili ulinisisimka. Nilijua kwamba ni vijiti. Nilikuwa nimevishika mwenyewe dakika chache nyuma. Ngozi yangu haikujali nilichojua. Mvua zote nilizowahi kukimbia, za Huruma juu ya mabati, za likizo kwa nyanya juu ya migomba, zilikuwa zimekuja kwenye ubao ule, na hazikuja kunihadaa. Nilikuwa nazo siku zote. Mama alikuwa amezigonga tu.

Akainua mkono. Kimya.

Tuliinamisha masikio. Mwanzoni sikusikia kitu isipokuwa magari ya mbali. Halafu nikasikia, chini ya magoti yangu, sauti kama maji yanayoanza kuchemka kwenye sufuria nzito iliyofunikwa. Ilikuwa ikipanda. Ardhi niliyoikanyaga kila siku kwenda dukani, ambayo niliiita kiwanja kitupu, ilikuwa imejaa, na waliokuwa ndani yake walikuwa wamesikia na walikuwa wanakuja.

Wa kwanza hawachukuliwi. Hiyo ndiyo desturi. Jirani aliinua upindo wa blanketi, na wakatoka, wawili, watano, halafu mfululizo, wakipanda juu ya mashina ya nyasi, wakitandaza mabawa membamba kama ganda la kitunguu na ambayo hayakuwa yamewahi kuguswa na mwanga hata siku moja. Wakaruka. Hawaruki vizuri. Wanapanda, wanashuka, wanapanda tena, na jua la alasiri lilikuwa nyuma yao kiasi kwamba kila mmoja alikuwa cheche. Mbayuwayu walifika sijui kutoka wapi. Kijana mmoja wa bodaboda alivua kofia yake ya pikipiki akaishika kifuani.

Mama alisimama, akafumba macho, akaanza kunong'ona.

Sote tulisogea. Hakuna aliyetuambia. Wale wanawake waliinamisha vichwa mpaka vitambaa vyao vikagusana, nami nikaingiza changu kati yao.

"Anasema nini?" kijana mmoja aliuliza.

"Nyamaza bana, tusikie," mwenzake alisema, nao wakasogea.

"Ewe unayefua mabawa gizani na kuyatoa yakiwa makavu," mama alikuwa akisema. "Ewe uliyewaweka hapa kabla ya nyumba zetu, tukawakuta, hawakutudai kitu. Hawa wa kwanza wapeleke walikoitwa. Na watakaofuata, tufundishe kuwala kwa adabu." Jirani aliitikia amina. Lakini mama hakuwa amemaliza. Alivuta pumzi, na nikasikia: "Ewe ambaye mbele yako mawimbi hupiga magoti, huinuka, hupiga magoti tena."

Nilifumbua macho. Mbele yangu, juu ya nyasi za kiwanja kisichouzwa, kumbikumbi walikuwa wakipanda na kushuka kwa pamoja, maelfu, wakimeremeta, wakiinama na upepo na kuinuka nao. Mstari nilioutunga kwa kubahatisha, juu ya kitu nisichokijua, ulikuwa umefika mahali pake. Haukuwa wangu tena. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sikuwa na swali lolote. Hali hiyo ilidumu labda kwa muda wa mtu kuhesabu hadi ishirini, lakini niliijua, na naikumbuka.

Tulijaza makarai. Wale vijana waliondoka na konzi mbili zilizofungwa kwenye karatasi, wakiapa kwamba ni za kuonja tu.

Maswali yalirudi usiku ule, lakini yalikuwa ya aina nyingine. Nilijiuliza kwa nini kule kiwanjani hakuna aliyecheka. Mnong'ono ulikuwa ule ule. Watu waliousikia hawakuwa watakatifu kuliko watu wa Donholm. Mmoja wao alikuwa ametoka kututukana kwa ajili ya kuku. Nilipoligeuza jambo hilo pande zote, niliona tofauti moja. Kanisani tulikuwa tumejaribu kuikuza sauti ya mama iwafikie watu mahali walipokaa. Kiwanjani watu ndio walioiendea.

Jumamosi, tukikaanga kumbikumbi wa mwisho, nilimuuliza. "Mama, nikizima spika zote, utasali?"

Alikoroga kidogo. "Utazima na za kanisa la jirani?"

"Hizo siwezi."

"Basi sala ya mwaka huu itakuwa na gitaa," alinong'ona.

Nilimsomea maandishi yangu tena, akayakariri, akayapangua. Aliacha bahari, akaongeza mabawa, akatoa mstari wangu mmoja kuhusu alfajiri. Alisema miaka yote ya kiwandani alfajiri ilimkuta kituoni akingoja gari na hajawahi kuipenda.

Jumapili nilifika nikiwa sijamwambia mchungaji. Nilikusudia kumwambia kabla ya ibada, nikaogopa. Nikakusudia kumwambia wakati wa nyimbo, nikaogopa zaidi. Nilifikiria kumwomba ruhusa, nikafikiria atakavyokataa kwa upole, nikafikiria nitakavyoshukuru moyoni kwa kukataliwa. Jogoo akawika. Watoto wakamjibu. Mchungaji akalitaja jina langu na kusema msomi wetu sasa atatuongoza.

Nilisimama. Badala ya kwenda mbele, nilienda pembeni kwenye mitambo, ambako mzee mmoja mstaafu wa reli hukaa na vitufe vyake kama aliyekabidhiwa garimoshi.

"Mzee wangu, naomba uzime."

"Nizime nini?"

"Vyote. Na feni."

"Kwani kuna moto?"

Watu walianza kugeuza shingo. Mchungaji alitushukia haraka, maiki bado mkononi, kwa hiyo alipozungumza kwa siri kanisa zima lilimsikia. "Kuna nini, kijana?"

"Sitasoma, mchungaji. Niliandika, lakini mwenye sala yupo."

Alimtazama mama. Mama alikuwa ameshainuka, mikono ameishika mbele ya gauni lake, wala hakuwa akimtazama yeyote kati yetu. Alikuwa akitazama yale mahindi.

"Hawatamsikia," mchungaji alisema, na safari hii aliiweka maiki mbali na mdomo. "Nisikilize. Watu wa nyuma hawatasikia hata neno. Utamwaibisha mara ya pili."

Hofu yangu yote ya wiki nzima ilikuwa ndani ya sentensi hiyo. Aliitamka vizuri kuliko nilivyoweza kuiwaza mwenyewe. Ninakiri kwamba nilimtazama mama nikitumaini atatikisa kichwa. Hakutikisa.

"Watu wa nyuma waje mbele," nilisema.

Mzee wa reli alikuwa na kidole juu ya kitufe, akingoja amri ya mchungaji, na mchungaji hakuitoa wala hakukataza. Basi nilipiga magoti, nikaingiza mkono nyuma ya spika kwenye soketi ya ukutani inayolisha mitambo na feni zote, nikazima mwenyewe. Mvumo uliisha, ule ambao tulikuwa hatuusikii tena kwa mazoea. Feni zilizunguka polepole hadi zikasimama. Gitaa la kanisa jirani likaingia kupitia ukutani, likiwa mbali kuliko nilivyodhani.

Niligeuka, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Sogeeni karibu, tafadhali. Mama anasali."

Kiti kimoja cha plastiki kikaburutwa, kisha cha pili, halafu ukumbi wote ukawa unaburuta viti, na waliokosa nafasi wakaketi chini kati ya mikungu ya ndizi. Nami nikaenda nikaketi nao.